Kijana asiye na kazi wala shule apewe fedha kila mwezi?

Mkazi wa Igoma:
Hapa Mwanza wako vijana waliomaliza kidato cha nne, hawakuendelea na masomo wala hawana ajira, nao hushinda mwaloni Kirumba wakisubiri kibarua cha kupakia dagaa. Je, kuwapa fedha kidogo kila mwezi bila masharti kungewasaidia, au kungewalemaza?

Mwana-Ilemela:
Ndugu yangu, hofu ya uvivu naiona imekuzwa. Katika kaunti ya Siaya nchini Kenya, inayopakana na Ziwa Victoria hili hili, shirika la GiveDirectly liliwapa wanavijiji takriban dola 22 na nusu kwa mwezi, na watafiti hawakuona kazi kwa jumla ikipungua. Baadhi waliacha vibarua wakajiajiri. Wales nayo, kuanzia 2022, iliwalipa vijana wa miaka 18 waliotoka katika malezi ya serikali pauni 1,600 kwa mwezi, kabla ya kodi, kwa miaka miwili.

Muuza sato:
Sisi tunayo TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, lakini hiyo hulenga kaya maskini. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambamo vijana wametengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani, hutolewa kwa vikundi, tena hurejeshwa. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya fedha tu hakidumu.

Mkazi wa Igoma:
Na anayetaka kununua nyavu?

Mwana-Ilemela:
Huyo apewe kwa mkupuo. Huko Kenya, waliopokea hivyo walianzisha biashara nyingi kuliko waliolipwa kidogo kidogo kwa miaka miwili.