Mtoto wa miaka 5 anachafua chupi kila siku: anaharisha au kuna jambo jingine?

Mama Pacha: Habari za humu. Mtoto wa kiume, miaka 5 na miezi 2, kilo 18. Nepi aliacha zamani. Sasa ni mwezi wa tatu, chupi inakutwa na uchafu laini unaonata mara 3 hadi 5 kwa siku, na ukimuuliza anasema hakusikia kitu. Kila baada ya siku 6 au 7 hutoa choo kikubwa, kigumu, huku akilia. Duka la dawa walitupa dawa ya kuzuia kuharisha, mambo yakaharibika zaidi. Siku hizi anakojoa na kitandani. Tumegomba, tumechapa, wapi. Naombeni ushauri.

Nondo: Dawa ya kuzuia kuharisha iacheni leo hii. Huyo haharishi, amefunga choo. Bonge la choo limekaa kwenye puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana), na kile cha majimaji kinachotoka juu kinapenya pembeni yake na kuvuja. Puru ikikaa imetanuka kwa wiki nyingi, mishipa ya fahamu inaacha kutoa taarifa kwamba imejaa, kwa hiyo anaposema hakusikia, anasema kweli. Fimbo haina kazi hapo, tena inamfanya abane zaidi. Kibofu nacho kinasukumwa na huo mzigo, ndiyo sababu ya mkojo kitandani, ila apimwe mkojo pia, maambukizi huandamana na hali hii. Mkimwona anakaza miguu na kusimama kwa ncha za vidole, msidhani anasukuma. Anazuia, kwa kuwa siku moja kiliuma.

Kipimo Sahihi: Nondo kamaliza upande wa chanzo. Tiba ina awamu mbili na wengi huruka ya kwanza.

Kwanza kusafisha. Dawa inayopendekezwa ni unga wa makrogoli (dawa ya kulainisha choo), gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku. Kwa kilo 18 ni gramu 18 hadi 27, siku 3 hadi 6, daktari akishamshika tumbo na kuthibitisha. Unachanganywa na maji kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, na maji hayo usiyahesabu kama kinywaji chake cha siku. Mnaacha dozi hii pale kinapotoka choo cha maji kisicho na mabonge. Siku hizo chupi zitachafuka kuliko sasa! Wazazi wengi hukata dawa hapo wakidhani imemdhuru. Anzeni wakati wa likizo.

Pili kulinda, kuanzia gramu 0.4 kwa kilo kwa siku (kwake kama gramu 7), mkipandisha au kushusha hadi apate choo laini kila siku. Isipungue miezi 2, na dalili ziwe zimekwisha kwa mwezi mzima ndipo mpunguze kidogo kidogo. Makrogoli ikikosekana, laktulosi (dawa nyingine ya kulainisha choo) hufanya kazi awamu hii, ingawa hujaza gesi.

Mzee wa Busara: Madawa ya nini? Matunda na maji mengi, basi.

Kipimo Sahihi: Mzee, nyuzinyuzi za hayo matunda zinaongeza ujazo wa choo. Ukiziongeza juu ya bonge ambalo halijatoka unapanua foleni, barabara imefungwa. Chakula cha kawaida chenye mboga na matunda kinatosha, na akishasafishwa ndipo kinasaidia. Na kabla hujaandika: maji ya sabuni kupitia nyuma, hapana. Yanaunguza ngozi laini ya utumbo.

Mwalimu wa Chekechea: Dawa bila ratiba ya choo hairudishi hisia. Akimaliza kula akae chooni dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku. Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana huanza kusukuma wenyewe. Miguu isining'inie. Wekeni kigoda, magoti yawe juu kidogo ya nyonga. Msifieni kwa kukaa, hata kisipotoka kitu. Shuleni ulizeni kama choo kina mlango na maji, maana wengi hubana kwa sababu hiyo tu, na mwalimu akubali atoke bila kuomba mbele ya wenzake.

Mama Pacha: Asanteni mno. Dawa ya miezi yote hiyo haitaufanya utumbo wake uzembee?

Nondo: Hapana dada. Makrogoli inashikilia maji ndani ya choo, karibu yote inatoka ilivyoingia. Kinachozembeza utumbo ni kule kutanuka.

Ila msingoje ikiwa kuna lolote kati ya haya: choo chake cha kwanza cheusi kilichelewa zaidi ya saa 48 tangu azaliwe, tumbo limevimba na anatapika kijani, miguu imelegea au mwendo umebadilika, kuna kishimo au nywele chini ya uti wa mgongo, au uzito umesimama. Hayo yanataka uchunguzi mwingine kabisa. Mkienda kliniki bebeni daftari la siku 7: saa aliyojisaidia, ukubwa, ulaini, na mara ngapi chupi imechafuka.