Robota lenye namba isiyo na mwenyewe: faili likataliwe au lipokelewe?

Fundi_Skima (Tabora mjini): Wakuu, mauzo ya tumbaku yanakuja kwa faili za XML (maandishi yenye lebo zinazotaja kila taarifa): juu orodha ya wakulima, chini marobota, kila robota na namba ya mkulima wake. Namba ikikosekana kwenye orodha, msimamo wangu ni faili zima likataliwe. Jasho la mtu haliwezi kubaki bila mwenyewe. XML Schema, lugha ya kuandika skima (kanuni za faili hizo), tangu 2001 ina ufunguo (namba isijirudie) na ufunguo-rejea (namba inayotajwa lazima iwepo kwenye orodha) kwa kazi hii, tuutumie. Uzembe wa makarani wa vijijini tusiulee.

Karani_Sikonge: Uzembe? Siku ya soko niko mzanini tangu alfajiri, mteuzi anataja daraja, foleni ndefu. Namba 12 ninayo mimi, kijiji jirani nao wana 12 yao. Mzembe ni mimi au aliyechora skima?

Mama_Asali: Karani ana hoja. Kwenye DTD, lugha ya zamani ya kanuni za XML, ID (kitambulisho) lazima iwe ya pekee katika hati nzima, tena haianzi na tarakimu. 12 inakataliwa hata kabla ya kuulizwa ni ya nani. IDREF, yaani rejea ya ID, nayo haichagui: robota linaweza kuelekeza kwa mnunuzi badala ya mkulima, na hati ikapita!

Fundi_Skima: DTD nimeitaja wapi? Kwenye XML Schema ufunguo unawekwa ndani ya kipengele cha kijiji, namba inakuwa ya pekee humo tu. Watafiti Buneman na wenzake walishaandika habari za funguo zinazotegemea mzazi, yaani kipengele kilichozibeba. Na sikumlenga mtu.

Karani_Sikonge: "Makarani wa vijijini" ni nani kama si sisi? Futa hilo neno kwanza.

Isevya_Kijana: Hamieni JSON, muundo mwingine wa faili, muache kugombana.

Mama_Asali: JSON Schema haina ufunguo-rejea, mwanangu. Ina uniqueItems tu (kanuni ya kuzuia kitu kujirudia kwenye orodha), nayo inalinganisha vitu vizima: mkulima mmoja akiandikwa mara mbili kwa simu tofauti, anapita.

Isevya_Kijana: Sawa mama, lakini na masharti yenu mengi muwe waangalifu. Watafiti Fan na Libkin walithibitisha kwamba DTD ikiunganishwa na funguo na funguo-rejea za sifa nyingi (zinazojengwa kwa taarifa zaidi ya moja kwa pamoja), hakuna programu inayoweza kuamua kila mara kama ipo hata hati moja ya kuyatimiza yote. Mtaandika skima isiyopitika na msijue.

Mzee_Urambo: Mimi ni mkulima, hayo ya skima siyajui. Robota moja likiwa na kasoro, kijiji kizima tusilipwe? Watoto wanadaiwa ada.

Fundi_Skima: Shikamoo mzee. Likipita, malipo yake ataenda kuchukua nani?

Mzee_Urambo: Marahaba. Lishikeni hilo moja, mengine yaende. Mnachoshindwa nini?

Karani_Sikonge: Mzee kasema. Na neno lile bado halijafutwa.

Binti_Uyui: Kwa nini mkulima asipewe namba moja kwa mkoa mzima? Ugomvi wote huu unaisha.

Karani_Sikonge: Na atakayeitoa ni nani, nyie wa mjini? Mkulima wa kule ndani asafiri hadi Tabora kufuata namba, wakati chama chake kinamjua kwa sura na kwa shamba? Siafiki hata kidogo.

Binti_Uyui: Anayekujua kwa sura ndiye anayeweza kukuandikia robota la mwingine, kaka.

Karani_Sikonge: Sasa tumekuwa wezi?