Re: Mdogo wangu ametajwa katika barua ya marehemu (Pune): kesi ya kuchochea kujiua inathibitishwaje?

Kutoka: dada, Muscat

Ndugu wanajumuiya, asalaam aleikum na habari za siku nyingi.

Ninaandika kwa niaba ya mdogo wangu anayesoma mwaka wa tatu mjini Pune. Alikuwa akikaa na wenzake watatu katika nyumba moja ya kupanga, na wiki mbili zilizopita mmoja wao, kijana mwenyeji wa huko huko, alijiua. Katika barua aliyoiacha amewataja wenzake wawili, mdogo wangu akiwa mmoja wao, kwamba walimdhalilisha kwa deni la kodi ya nyumba. Ni kweli kwamba marehemu alikuwa na deni la miezi miwili, na ni kweli kwamba mdogo wangu alimwandikia kwenye WhatsApp kwamba amechoka naye na kwamba asipolipa mwezi huu atafute pa kwenda.

Polisi walimwita mara moja. Maelezo yake yaliandikwa kwa Kimarathi, lugha asiyoisoma, kisha akaambiwa atie sahihi. Akaomba muda, na hakutia. Tunasikia kwamba baba wa marehemu anataka kesi ya kuchochea kujiua ifunguliwe. Je, kutajwa tu katika barua kunatosha kumtia mtu hatiani? Na je, azifute zile meseji? Marafiki zake wanamshauri azifute.

Kutoka: mwanachama, Bengaluru

Dada yangu, poleni sana, na pole zangu ziwafikie pia wazazi wa yule kijana.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo la haraka: asifute hata herufi moja. Meseji hizo zimo pia katika simu ya marehemu, nayo bila shaka polisi wanayo. Akizifuta atakuwa ameligeuza deni la kodi kuwa kisa cha mtu mwenye jambo la kuficha, na isitoshe atakuwa amepoteza mazungumzo yote yaliyozizunguka, ambayo pengine ndiyo yatakayomwokoa. Nilisoma sheria Pune na sasa nafanya kazi za utafiti katika ofisi ya mawakili huku, lakini sina leseni ya kusimama mahakamani India, kwa hiyo haya yapokeeni kama maelezo. Kesi yenyewe aishike wakili wa Pune.

Kosa hilo limo katika kifungu cha 108 cha Bharatiya Nyaya Sanhita, sheria ya makosa ya jinai iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Zamani lilikuwa kifungu cha 306 cha sheria ya mwaka 1860, na msishangae mkimsikia wakili mzima akiendelea kusema "306", maana mazoea yana taabu. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 10 pamoja na faini. Ila kifungu hicho hakielezi kuchochea ni nini. Maana yake inatafutwa katika kifungu cha 45, kinachotaja njia tatu: kumshawishi mtu atende jambo, kula njama na wengine ili jambo litendeke, au kusaidia kwa makusudi. Hapo ndipo penye kesi nzima, kwa sababu upande wa mashtaka hauwezi kuishia kuonyesha kwamba mtu alijiua na kwamba aliudhiwa. Unapaswa kuonyesha kwamba mshtakiwa alitenda jambo mahususi, kwamba alilitenda akiwa na nia ya kumsukuma mwenzake kwenye kifo, na kwamba tendo hilo na kifo havikuachana mbali.

Mahakama ya Juu ya India imelirudia jambo hili kwa zaidi ya miaka 20. Katika shauri la Ramesh Kumar dhidi ya Jimbo la Chhattisgarh, la mwaka 2001, mume alimwambia mkewe katika ugomvi kwamba yu huru kufanya atakalo na kwenda atakako. Mahakama ikasema neno lililotoka kwa hasira, bila msemaji kukusudia lililofuata, si uchochezi. Mwaka mmoja baadaye, katika shauri la Sanju, maneno yalikuwa makali zaidi, kwani mtu aliambiwa waziwazi aende akafe, lakini kifo kilitokea siku mbili baada ya ugomvi na Mahakama ikaifuta kesi. Lililo karibu zaidi na la mdogo wako, kwa maoni yangu, ni shauri la S. S. Chheena la mwaka 2010, kuhusu mwanafunzi wa sheria katika chuo kikuu kimoja mjini Amritsar aliyejiua baada ya kuhojiwa juu ya simu iliyoibwa, naye akaacha barua. Mahakama iliona kwamba bila nia ya jinai, na bila tendo la moja kwa moja lililomfanya marehemu asione njia nyingine, hakuna kosa. Wakili wake alisome hilo kabla ya mengine yote.

Kuhusu madeni pia yapo maamuzi. Januari 2025, katika shauri la Mahendra Awase, aliyeshtakiwa alikuwa akidai marejesho ya mkopo kwa maneno makali. Mahakama ya Juu ilimwondolea shitaka na kuwaonya polisi wasikitumie kifungu hiki ovyo kwa ajili ya kutuliza machungu ya wafiwa.

Hata hivyo nisikupe matumaini ya upande mmoja. Mwaka 2009, katika shauri la Chitresh Kumar Chopra, Mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba uchochezi unaweza kutokana na mwenendo wa muda mrefu uliomzingira mtu mpaka akaona hana pa kupita, hata kama hakuna aliyetamka neno "kufa". Mwaka 2019, katika shauri la Ude Singh, waliomdhihaki msichana hadharani mara kwa mara walibaki na hatia yao. Kwa hiyo tofauti iko kati ya kudai chako na kumwandama mtu. Meseji moja kwa mdaiwa ni jambo moja. Kundi la WhatsApp lililomfanyia kejeli kila siku kwa mwezi mzima ni jambo jingine. Muulize mdogo wako, kwa upole na faraghani, ni lipi kati ya hayo lililotokea, na asimfiche wakili.

Sasa barua. Kauli ya marehemu kuhusu mazingira ya kifo chake hupokelewa mahakamani India, hata kama hawezi tena kuhojiwa, lakini kupokelewa si kuaminiwa. Kwanza itathibitishwa kwamba ni mwandiko wake, na hapo mtaalamu wa miandiko huitwa. Kisha husomwa inamtuhumu mtajwa kwa tendo gani hasa. Barua inayosema "fulani na fulani ndio sababu" bila kueleza walifanya nini, mahakama huipa uzito mdogo.

Jambo ambalo watu wengi hulikosea ni kudhani kwamba kwa kuwa kosa ni gumu kuthibitisha, basi mtuhumiwa atalala kwake. Kosa hili halina dhamana ya moja kwa moja, polisi wanaweza kukamata bila hati ya mahakama, na katika hatua ya mwanzo hakuna anayepima ushahidi kama utakavyopimwa mwishoni. Mwanahabari Arnab Goswami alikamatwa Novemba 2020 kwa tuhuma za kifo cha mwaka 2018 kilichohusishwa na malipo ambayo hayakulipwa, na ilibidi afike Mahakama ya Juu ndipo apate dhamana baada ya wiki moja. Mdogo wako hana ukubwa huo. Kwa hiyo wakili aandae mapema ombi la dhamana kabla ya kukamatwa, na ikiwa FIR (taarifa ya kwanza ya polisi, ambayo ndiyo inayofungua uchunguzi) itaandikwa, apate nakala yake na kuangalia kama inaombeka kufutwa Mahakama Kuu.

Na kuhusu sahihi: alifanya vyema sana. Sheria yenyewe inasema maelezo ambayo shahidi au mtuhumiwa anampa polisi wakati wa uchunguzi hayatiwi sahihi na aliyeyatoa. Akiitwa tena aende, asikimbie, ila aende na wakili pamoja na mtu anayesoma Kimarathi. Asisafiri kuja nyumbani kwa sasa bila wakili kujua; akizuiwa uwanja wa ndege itasomeka kama kutoroka.

Kutoka: mwanachama, Mombasa

Shukrani, kaka, kwa maelezo yako. Mimi nimesimama upande wa pili wa mlango huo. Binti ya ami yangu aliolewa Gujarat, akafariki mwaka wa nne wa ndoa, na wakwe wanasema alijiua. Alikuwa akitupigia simu analia kwamba anasumbuliwa kwa mali. Yote uliyoyaandika yanawapa wao nafuu. Sisi tushike wapi?

Kutoka: mwanachama, Bengaluru

Poleni, dada. Kwenu mizani inabadilika, kwa sababu mke akijiua ndani ya miaka 7 ya ndoa, na ikithibitishwa kwamba mume au ndugu zake walimtendea ukatili, mahakama inaweza kuchukulia kwamba walimchochea. Dhana hiyo iliingizwa mwaka 1983, na sasa imo katika kifungu cha 117 cha sheria mpya ya ushahidi. Zingatieni neno "inaweza". Ukatili wenyewe ni lazima mwuthibitishe nyinyi.

Ikiwa usumbufu ulikuwa wa kudai mahari, ile ambayo huko hutolewa na upande wa mke, na uliendelea hadi karibu na kifo, kuna kosa zito zaidi la kifo cha mahari, kifungu cha 80, lenye kifungo kisichopungua miaka 7. Katika kosa hilo mahakama haina hiari: ni lazima ichukulie hivyo mpaka wao wakanushe. Ulizeni pia kama hakimu alifanya uchunguzi wa kifo, maana kwa mke wa chini ya miaka 7 ya ndoa sheria inautaka.

Zile simu na meseji za sauti zihifadhini katika simu ile ile iliyozipokea. Picha ya skrini peke yake haitoshi. Ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti maalumu, na Mahakama ya Juu ilisisitiza mwaka 2020 kwamba cheti hicho si hiari.

Kutoka: dada, Muscat

Ahsante sana, kaka. Tumepata wakili jana. Simu ya mdogo wangu imekabidhiwa polisi leo asubuhi mbele ya mashahidi wawili, na nakala ya panchnama, yaani orodha ya vitu vilivyochukuliwa, tunayo. Meseji zote zimo. Halali usiku, kwa hiyo nimempa pia namba 14416 ya Tele-MANAS, huduma ya simu ya afya ya akili huko India, na amepiga.