Mila ya posa au harusi iliyokutoa jasho: tupeane uzoefu, watu wa Nyanda za Juu Kusini

Mwana Kilolo: Wakuu, jana tulikuwa kwenye posa ya mdogo wangu huku Kilolo. Upande wa mwanaume wameleta kila kilichoandikwa: mkaja wa mama, blanketi la babu, jembe. Shangazi akalishika jembe, akaligeuzageuza, akalirudisha. Halina mpini! "Mwanangu akalime kwa kucha?" Mshenga kapigwa faini hapohapo, kijana katumwa dukani na pikipiki. Nikasema niulize: wewe mila gani ilikutoa jasho?

Makete Baridi: Faini ya mshenga huwa imepangwa tangu jana yake. Wangekuta mpini, wangesema jembe ni butu.

Mke wa Tukuyu: Mimi Mhehe, nimeolewa Unyakyusani, na mume wangu hakuniambia chochote. Wiki ya tatu baada ya harusi nimepanda Kosta pale Uyole naenda Tukuyu. Gari limejaa, imebaki siti moja pembeni ya mzee wa koti na kofia. Nikakaa. Kugeuka, baba mkwe! Nilivyolelewa mimi, mkwe unampigia goti. Nikajibana hivyohivyo kati ya viti, "Kamwene, baba," na mkono nikanyoosha. Mzee kageukia dirishani. Nikadhani ni masikio, nikarudia kwa sauti, gari zima likasikia. Akagonga bati: "Shusha!" Hapo ndiyo kwanza Kiwira, nauli ya Tukuyu keshalipa, na mvua ya kule mnaijua. Kashuka. Nililia mpaka stendi, nikijua sitakiwi. Mama mkwe ndiye aliyenifungua macho: kwao mke wa mwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso, hakai naye, hali naye, akimwona njiani anapisha pembeni. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Kumbe mzee alikubali kulowa kwa ajili ya kunistahi mimi.

Parachichi la Njombe: Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Swali: konda alirudisha nauli?

Babu wa Rungwe: Binti, hukukosea, hukufundwa tu. Zamani vijana wetu wakikua walijenga kijiji chao, mbali na cha baba zao. Wazee walisema sababu mojawapo ni hiyo, mkamwana na baba mkwe wasigongane. Sasa mmebanana Kosta moja, mtakwepana wapi?

Vwawa Mjini: Mwanamke ajifiche kichakani na ndoo kichwani, nanyi mnaita heshima? Mbona asiingie mzee?

Babu wa Rungwe: Umesoma lakini? Aliyeshuka ni mzee.

Vwawa Mjini: Kashuka mara moja. Mwenzake anapisha maisha yake yote.

Mwana Kilolo: Jamani, turudi kwenye jembe.

Usangu Damu: Jembe gani tena, sisi tunataka kujua mzee alifikaje nyumbani.

Kijana wa Mafinga: Samahani wakubwa, mimi naoa Agosti, nimeandikiwa ng'ombe 6 na mbuzi wa wajomba. Nifanyeje?

Parachichi la Njombe: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa haibatiliki eti kwa sababu mahari haijalipwa.

Makete Baridi: Haya, nenda kamsomee shangazi wa mtu.

Usangu Damu: Toa nusu. Ukimaliza yote wanakusahau, mwenye deni ndiye anayeulizwa hali.

Babu wa Rungwe: Usimpotoshe. Toa yote mapema. Nimeshaona mtu amefiwa na mke, jeneza liko uani, wajomba wanadai kwanza ng'ombe wao.

Mwana Kilolo: Nenda na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, wazee watalegea.

Makete Baridi: Agosti ulanzi utautoa wapi? Mianzi inagemwa wakati wa mvua. Aahirishe harusi.

Kijana wa Mafinga: Mchumba atanielewa kweli?

Mke wa Tukuyu: Aliyeuliza nauli: konda hakurudisha hata mia. Na ile siti alimkalisha mama mwenye kuku.