Mgongo umeniharibikia melini, wakala anasema si ajali kwa hiyo hakuna fidia

oila_wa_tanga
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana nimechanganyikiwa. Mimi ni oila, msaidizi wa mafundi injini rumu, miaka 11 baharini, mkataba wa mwisho nilikuwa meli ya mzigo mkavu bendera ya Panama. Mwezi wa tano mgongo ukaanza kuuma, kidogo tu, nikawa nameza dawa za maumivu naingia zamu kama kawaida, mpaka siku tunafungua jenereta namba mbili, nimeinama pale chini saa tatu nzima na lile joto la injini rumu, kuja kusimama mguu wa kushoto kama sio wangu, nauminya sisikii kitu. Nikashushwa Durban, MRI ikaonyesha diski mbili za uti wa mgongo zimetoka zinakandamiza mshipa wa fahamu, nikarudishwa nyumbani. Huu ni mwezi wa tatu tangu nirudi, ndoo ya maji siinui, soksi ananivalisha mke wangu. Sasa wakala aliyenipeleka melini anasema huo ni ugonjwa wa umri, hakuna ajali iliyoandikwa, kampuni haidaiwi, ila kwa huruma watanipa dola 2,000 nisaini karatasi yaishe. Nisaini jamani? Watoto wanadaiwa ada.

sekondi_mstaafu
Pole sana mdogo wangu. USISAINI.
Hilo la "si ajali" wanakutisha nalo tu. Mkataba wa MLC 2006, ule wa kimataifa wa kazi za mabaharia, unasema mwenye meli anabeba matibabu ya ugonjwa AU jeraha lililokupata tangu siku uliyoanza kazi mpaka unaporudishwa kwenu, na Panama wameuridhia zamani, sisi wenyewe Tanzania tumeridhia 2019. Matibabu ni mpaka upone au daktari aseme hali yako ni ya kudumu, na wakiweka kikomo hakiwezi kuwa chini ya wiki 16, na mshahara kwa kipindi hicho nao una utaratibu wake humo humo. Hiyo ni mbali na fidia ya ulemavu. Kiasi cha fidia ya ulemavu kinatoka kwenye mkataba wako wa ajira au makubaliano ya chama, kwa hiyo toa mkataba kabatini usome, angalia kama meli ilikuwa na makubaliano ya ITF, lile shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji. Kama yapo, mengi yanataja ugonjwa uliotokana na kazi sambamba na ajali, na ukipimwa ulemavu wa asilimia 50 au zaidi unahesabiwa huwezi tena kazi ya bahari, unalipwa kamili. Wakala anajua hilo vizuri, ndio maana ana haraka.
Halafu tangu Januari 2017 kila meli iliyo chini ya MLC inabandika melini cheti cha bima ya madai haya, kina jina la bima na anwani, mara nyingi ni klabu ya P&I, yaani bima ya pamoja ya wenye meli. Mpigie mwenzako aliyebaki melini akutumie picha yake. Unaweza kuwadai bima moja kwa moja. Na sheria inakataza kukushinikiza upokee pungufu ya kilicho kwenye mkataba, kama bado hawajajua ukubwa wa ulemavu wakupe malipo ya muda, hiyo ndiyo ada ya watoto.

mke_wa_baharia
Kaka pole na mungu akuponye. Mimi naomba nikuulize kitu kimoja, kwenye medikali ya kabla ya safari uliwahi kuulizwa mgongo ukajibu huna wakati unao? Mume wangu alificha presha kwa kuogopa kukosa safari, alipoanguka melini kampuni ikaleta ile fomu yake mwenyewe na sahihi yake, tukakosa kila kitu. Ugonjwa uliouficha makusudi hawaulipi. Mpaka leo fomu ile naiona usingizini.

bandari_boy254
Niko Mombasa. Nimesafiri sana na Wafilipino, hao ndo wanajua haya mambo, kwao ukirudi lazima uripoti kwa daktari wa kampuni ndani ya siku tatu za kazi usiporipoti umejimaliza, halafu daktari ana siku 120 aseme uko fit ama la, inaweza enda mpaka 240, na daktari wako akipingana na wa kampuni mnatafuta wa tatu. Sheria yao si yako bro lakini akili ni hiyo hiyo, tafuta daktari wako wa mifupa, aandike kazi yenyewe, kuinua vyuma, kuinama, mtetemo wa injini, na kwamba kazi imesababisha ama imezidisha. "Mgongo unauma" peke yake haikusaidii. Inspekta wa ITF yuko huku Mombasa, andikia yeye.

oila_wa_tanga
Nimewasoma wote, asanteni, mke wangu amesoma akalia. Dada, mgongo sikuwahi kuumwa kabla na sikuficha kitu. Nimepekua simu, kumbe niliwahi kupiga picha daftari la matibabu, chifu ofisa ameandika kwa mkono wake tarehe na "maumivu ya mgongo, kazi ya jenereta". Kesho naenda kwa daktari wa mifupa na picha hiyo. Karatasi ya wakala nimemrudishia bila sahihi. Makubaliano ya ITF yanakuwaga ukurasa gani kwenye mkataba?

sekondi_mstaafu
Angalia ukurasa wa kwanza, panapotaja makubaliano yanayotumika. Piga picha nitumie inbox, funika jina lako.