Hili jambo la "mgeni rasmi" nani alituletea? Mtoto anaanguka juani tunamsubiri mtu mmoja

Wakuu habari za jioni. Nimetoka kwenye mahafali ya binti yangu wa darasa la saba hapa Morogoro na nina hasira mpaka mikono inatetemeka, mtanivumilia nikichanganya mambo.

Kadi imeandikwa saa 3 kamili asubuhi. Wazazi tukafika, wengine wamefunga genge, wengine wamepanda boda toka mbali huko. Watoto wamepangwa mstari tangu saa 2 na nusu, skauti wako getini wanasubiri kumpokea mgeni rasmi kwa gwaride. Saa 4 hola. Saa 5 emsii anatwambia tuwe wavumilivu mgeni wetu yuko njiani. Njiani wapi masaa yote hayo? Saa 6 jua la utosini, skauti mmoja akaanza kuyumba, akadondoka puu.

Tukamkimbilia. Mama mmoja akaenda meza kuu kuchukua chupa ya maji maana kule yamejaa, yamepangwa juu ya kitambaa cheupe na maua ya plastiki, masofa hayajakaliwa na mtu. Akazuiwa! Eti "hayo ya wageni". Mtoto yuko kwenye vumbi midomo imemkauka, maji yako hatua kumi, na mtu mzima na akili zake analinda chupa ambazo tumezinunua sisi wazazi wenyewe, kila mmoja kachangishwa elfu 15. Muuza karanga wa pale getini ndo akatoa maji yake ya kunywa, Mungu ambariki sana yule kijana.

Mgeni akaingia saa 7 na robo, samahani hata moja hakuna. Tukaambiwa tusimame tupige makofi na mimi nikasimama, hilo ndo linaniuma mpaka sasa hivi.

Halafu utambulisho. Kila anayeshika maiki anaanza upya, mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa nani, mheshimiwa nani, anazunguka meza kuu nzima ndo anamalizia "itifaki imezingatiwa". Sasa kama imezingatiwa mbona anayefuata anairudia?

Kwenye vyeti ndo nikachoka kabisa. Mwalimu aliyemshika binti yangu mkono darasa la kwanza akamfundisha a e i o u, aliyekuwa anamrudishia daftari na kumwita mwenyewe mezani kwake, kakaa kwenye benchi nyuma, hajatajwa hata jina. Cheti anakabidhi mtu ambaye hajawahi kukanyaga ile shule, anashika mkono macho yako kwa mpiga picha, anayeita majina naye anaharakishwa maana mheshimiwa ana ratiba nyingine. Sisi tuliokaa masaa manne hatuna ratiba?

Na msiniambie ni heshima ama mila zetu. Wazee wetu enzi za TANU walikuwa wanaitana "ndugu", kiongozi ndugu, mkulima ndugu, na kwenye ahadi zao waliapa kabisa kwamba cheo ni dhamana. Katiba yetu ibara ya 12 inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Hii ya kwamba shughuli haiwezi kuanza mpaka atokee mtu mwenye gari kubwa ni sisi tumeizoesha, ipo kwenye mahafali, kwenye harusi, hata kisima cha kijiji kimechimbwa maji yanatoka watu wanaambiwa wasichote kwanza mpaka kizinduliwe.

Nimemuuliza mjumbe mmoja wa kamati ya shule kwa nini tusingeanza saa 3 mgeni akatukuta katikati. Kaniangalia kama nimetukana. "Haiwezekani mzee, utaratibu ndo huo."

Utaratibu umeandikwa wapi? Kama kuna mtu humu ni mwalimu au afisa elimu na anao waraka unaosema watoto wasipewe vyeti mpaka mgeni rasmi afike, auweke hapa niusome. Kama haupo, kikao cha wazazi nitaenda nao huu huu uzi.