Naomba ushauri: pancha ya pembeni kwenye STI, nibadili tairi moja au matairi yote manne?

Habari zenu wakuu. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2008, natumia hapa Dar. Juzi usiku nilikanyaga msumari, tairi la nyuma kushoto likaanza kupoteza upepo. Fundi wa kwanza akasema ataziba kwa utambi, dakika kumi naondoka. Wa pili alipolivua akakataa kata kata: msumari umeingia pembeni, karibu na ubavu, pale tairi linapojikunja kila likizunguka, kiraka hakitashika. Namwamini huyu wa pili. Kwa mwendo wa barabara kuu siwezi kucheza na kitu kama hicho.

Shida yangu hasa ni hii. Tairi ni 245/40R18, na matatu yaliyobaki yamekwisha nusu. Gari linavuta magurudumu yote manne, na Subaru wanataka mzingo wa matairi usipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Jipya moja likichanganywa na yaliyolika, difu ya kati (ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) ndiyo inayoumia, na bei yake mnaijua.

Je, nijikaze ninunue manne, au nitafute la mtumba lenye kashata (meno ya tairi) zinazolingana na haya? Na la mtumba nikague nini zaidi ya tarehe ya kutengenezwa? Waliopitia hili nisaidieni, gari nimeliegesha tangu siku hiyo.